Lita 22,4 ni za wapi? Historia ya PV = nRT mpaka kwenye Ziwa Kivu



Kama ulipitia seksioni ya sayansi mu Congo hii, hakuna namna usijue mistari hii mitatu: PV sawa na nRT, R sawa na 0,082, moli moja ya gazi sawa na lita 22,4. Tuliimba hayo mbele ya Exetat, tukaandika, tukapata pointi, tukasahau. Mimi sikuweza kusahau kwa sababu ndiyo kazi yangu, nafundisha kemia ku masomo ya sekondari. Na kila mwaka naona jambo lile lile: finalisti anajua kuimba vizuri sana, lakini ukibadilisha swali kidogo tu, anapotea.

Nimefikia kuamini kwamba ugonjwa huo hauponi kwa mazoezi peke yake. Tunawapa vijana sentensi ya mwisho ya mazungumzo yaliyochukua zaidi ya miaka 200, kisha tunashangaa juu ya nini hawaelewi. Kila herufi katika PV = nRT ina wazazi wake na ugomvi wake. Na sehemu kubwa ya makosa tunayosahihisha kwa biki nyekundu leo ni mambo yaliyowasumbua wakubwa wa sayansi zamani zile. Basi leo tupite herufi kwa herufi, halafu tushuke nazo mpaka ku Ziwa Kivu. Pale hizi herufi zinatoka kwenye mtihani na kuingia kwenye maisha ya watu.

1. P na V: hewa ina uzito, tena inasukuma

Mwaka 1643, mu Italia, Evangelista Torricelli alijaza zebaki katika bomba la kioo lililozibwa upande mmoja, akaligeuza juu chini katika bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama kwenye urefu wa sentimita 76 hivi. Nani alikuwa anaishikilia? Torricelli akasema: ni hewa ya inje, inayosukuma juu ya zebaki ya bakuli. Sisi sote tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hiyo bahari ina uzito.

Mu Ufaransa, Blaise Pascal alitaka ushahidi. Kama hewa ni bahari, mtu akipanda mlima anapaswa kubeba hewa kidogo zaidi juu ya kichwa, na zebaki inapaswa kushuka. Yeye mwenyewe hakupanda. Alimuomba shemeji yake Florin Périer, na tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda mlima Puy de Dôme na bomba lake. Zebaki ilishuka zaidi ya sentimita 8.

Hapa musimame kidogo. Kilele cha Puy de Dôme kina urefu wa mita 1465 juu ya bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko ku mita 1460 hivi. Ni kusema pale Périer alipofika akihema, karibu kwenye urefu ule ule sisi tunaogea, tunafulia nguo na kuuza sambaza. Kilele chao ni fukwe yetu. Zebaki hapa kwetu inasimama karibu na sentimita 64, si 76. Kwa hiyo presiyo ya hewa pembeni ya ziwa ni karibu atmosfera 0,84. Hiyo namba muiweke mfukoni, tutaihitaji.

Baada ya P, ikaja V. Robert Boyle, mutoto wa tajiri mkubwa aliyezaliwa Ireland, alifanya kazi Uingereza pamoja na msaidizi wake Robert Hooke, fundi wa pampu za hewa. Mwaka 1660 alitoa kitabu juu ya nguvu ya hewa. Mjesuiti mmoja, Franciscus Linus, akampinga: hewa haiwezi kuwa na nguvu ya kushikilia zebaki yote hiyo. Boyle angeweza kujibu kwa maneno. Yeye alijibu kwa jedwali. Alichukua bomba lililopindwa kama herufi J, akafunga hewa katika mkono mfupi, akamimina zebaki katika mkono mrefu, akaandika namba. Zilitoka mwaka 1662.

Tuchukue mistari mitatu ya jedwali lake, kwa vipimo vyake mwenyewe. Hewa ikichukua nafasi ya 48, presiyo ni inchi 29,1 za zebaki. Nafasi ikipungua kuwa 24, presiyo inakuwa 58,8. Nafasi ikiwa 12, presiyo inakuwa 117,6. Sasa zidisha: 48 × 29,1 inatoa 1397. 24 × 58,8 inatoa 1411. 12 × 117,6 inatoa 1411. Karibu namba moja kila mara. Ndiyo sheria yenyewe: joto lisipobadilika, P × V haibadiliki.

Jambo moja la heshima: Boyle aliandika wazi kwamba wazo la uhusiano huo alilipata kwa Richard Towneley, mtu aliyekuwa amefanya vipimo vya namna hiyo pamoja na daktari Henry Power. Mu Ufaransa, Edme Mariotte alifikia sheria ile ile katika miaka ya 1670. Ndiyo sababu sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema Boyle-Mariotte, na wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema Boyle tu.

2. T: sifuri ya nani?

Kosa la kwanza la wanafunzi kwa wingi ni hili: gazi liko ku digrii 27, linapashwa moto mpaka digrii 54, basi anaandika kwamba joto limekuwa mara mbili. Anazidisha presiyo kwa mbili, anapiga mstari chini ya jibu, anatabasamu. Na bado anastahili huruma, kwa sababu sayansi yenyewe ilichukua miaka 150 kutoka kwenye shimo hilo.

Digrii sifuri ya Celsius ni mahali maji yanagandia. Gazi halijui maji yanagandia wapi. Gazi lina sifuri yake. Mtu wa kwanza kuiona kwa mbali ni Guillaume Amontons wa Paris, mtu aliyekuwa kiziwi tangu ujana. Karibu na mwaka 1700 alipima presiyo ya hewa iliyofungwa, akaona inapanda kwa kipimo kimoja na joto. Akajiuliza: tukienda kinyume, tukizidi kupoza, si itafika mahali hewa haina nguvu tena hata kidogo? Chini ya hapo baridi haiwezi kuendelea. Lilikuwa wazo la ajabu kwa wakati ule.

Kisha ikaja enzi ya maputo. Tarehe 1 Desemba 1783 Jacques Charles aliruka juu ya Paris katika puto la idrojeni. Mtu anayening'inia hewani kwa gazi ana sababu ya kutaka kujua gazi linapanuka vipi! Karibu mwaka 1787 Charles aliona kwamba magazi tofauti yanapanuka sawasawa yakipashwa moto, lakini hakuandika. Joseph Louis Gay-Lussac ndiye aliyeandika, mwaka 1802, na alimtaja Charles ingawa angeweza kunyamaza. Vipimo vyake: lita 100 za gazi ku digrii 0 zinakuwa lita 137,5 ku digrii 100, presiyo isipobadilika. Awe oksijeni, awe idrojeni, awe hewa, hesabu ni moja.

Fanyeni hesabu mwenyewe. Kama digrii 100 zinaongeza 37,5 kwa kila 100, basi digrii moja inaongeza sehemu moja ya 267. Ukirudi nyuma digrii 267 chini ya sifuri, gazi linakuwa na ujazo wa sifuri. Vipimo vya baadaye, vyema zaidi, vilisahihisha 137,5 kuwa 136,6, na 267 ikawa 273. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitengeneza kipimo cha joto kinachohesabu kutoka kwenye sifuri kamili.

Basi turudi kwa mwanafunzi wetu. Digrii 27 ni Kelvin 300. Digrii 54 ni Kelvin 327. Presiyo haikuzidishwa kwa mbili, imeongezeka kwa asilimia 9. Kama ingekuwa mara mbili kweli, kila mupira wa pikipiki ungepasuka saa sita mchana.

Na hapo kuna mtego mwingine. Kipimo cha mtu anayejaza mipira barabarani kinaonyesha tu kiasi kinachozidi hewa ya inje. Mupira unaosoma atmosfera 2 pembeni ya Ziwa Kivu, ndani una 2 na 0,84, ni kusema 2,84. Ukipata joto kutoka digrii 27 mpaka 57, yaani kutoka Kelvin 300 mpaka 330, unazidisha 2,84 kwa 1,1, unapata 3,12, kisha unaondoa 0,84. Kipimo kitasoma 2,28. Anayesahau hewa ya inje atajibu 2,2. Torricelli angemsahihisha.

3. n: mtu aliyengoja miaka 50

Hii ndiyo sehemu ya historia ninayoipenda kuliko zote, na inaumiza.

Mwaka 1808 Gay-Lussac alionyesha kwamba magazi yanaungana kwa hesabu ndogo na safi. Lita mbili za idrojeni na lita moja ya oksijeni zinatoa lita mbili za mvuke wa maji. Si moja na nukta fulani. Mbili, moja, mbili. John Dalton wa Manchester, baba wa atomu za kisasa, hakukubali. Kwake yeye, kama lita moja ya oksijeni inatoa lita mbili za mvuke, basi kila chembe ya oksijeni inapaswa kugawanyika vipande viwili, na atomu haigawanyiki. Akasema vipimo vya Gay-Lussac vina kasoro.

Mwaka 1811 Amedeo Avogadro, mwanasheria aliyegeuka mwalimu wa fizikia kaskazini mwa Italia, alitoa jibu. Chembe ya oksijeni si atomu moja, ni atomu mbili zimeshikana. Inayogawanyika ni ile jozi. Na ukikubali hilo, unaweza kukubali jambo kubwa zaidi: magazi yote, yakiwa na ujazo mmoja, presiyo moja na joto moja, yana idadi moja ya chembe. Haijalishi chembe ni nzito ama nyepesi. Hesabu ni ile ile.

Nani alimsikiliza? Karibu hakuna. Wakubwa wa kemia wakati ule, Dalton na Berzelius mbele, waliamini kwamba atomu mbili za namna moja haziwezi kushikana. Avogadro hakuwa mtu wa makelele, wala hakuwa mu Paris ama London. Alikufa mwaka 1856 na wazo lake likiwa kando.

Mwezi wa Septemba 1860 wanakemia wa Ulaya walikutana Karlsruhe, mu Ujerumani, kwa sababu mambo yaliharibika kabisa: kila mmoja alikuwa na uzito wake wa atomu, kila mmoja na namna yake ya kuandika maji. Walibishana siku tatu. Kule mwisho, watu wakijiandaa kurudi kwao, waligawiwa kitabu kidogo cha Stanislao Cannizzaro, Muitaliano, kilichoonyesha kwamba ukimfuata Avogadro, hesabu zote zinanyooka. Kijana mmoja Mrusi alikuwa pale, Dmitri Mendeleev. Mjerumani Lothar Meyer alisoma kitabu hicho na baadaye akaeleza jinsi mashaka yake yalivyoondoka. Miaka kumi haikupita, wote wawili walikuwa na majedwali ya elementi.

Kwa hiyo mwanafunzi akiandika n, aandike kwa heshima. Hiyo n ni idadi ya chembe, si uzito. Kosa la kuweka gramu mahali pa moli ni kumuua Avogadro mara ya pili. Na yeye mwenyewe hakuijua kamwe ile namba yenye jina lake. Loschmidt alikadiria ukubwa wa chembe mwaka 1865, Jean Perrin ndiye aliyeita namba hiyo kwa jina la Avogadro mwaka 1909, na tangu mwaka 2019 imefungwa kwa mkataba wa dunia kuwa 6,02214076 × 10²³ kamili.

4. R: gundi ya vipande vyote

Mwaka 1834 Émile Clapeyron, enjinia wa Kifaransa wa reli na mashine za mvuke, alishika sheria ya Boyle-Mariotte na ile ya Gay-Lussac, akaziunganisha katika mstari mmoja: pv = R(267 + t). Munaona ile 267 ya mwaka 1802 bado iko? Lakini R ya Clapeyron haikuwa R yetu. Ilibadilika kulingana na gazi na wingi wake. Ilibidi Avogadro afufuke kwanza. Katika miaka ya 1873 na 1874 August Horstmann na kisha Mendeleev waliweka idadi ya chembe ndani, na R ikawa moja kwa magazi yote. Mpaka leo Warusi wanaita mstari huu mlinganyo wa Mendeleev-Clapeyron. Toka jedwali la Boyle mpaka hapo ni miaka 212.

Sasa, R ina thamani gani? Mwanafunzi anaogopa akiona kitabu kimoja kinasema 0,0821, kingine 8,314, kingine 62,4. Anafikiri ni R tatu. Hapana, ni mtu mmoja aliyevaa nguo tatu. Ukitumia atmosfera na lita, ni 0,0821. Ukitumia paskali na mita za ujazo, ni 8,314. Ukitumia milimita za zebaki na lita, ni 62,4. Mwenye mashaka agawanye 22,4 kwa 273, ataona 0,082 inatoka yenyewe.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje hapa. Wakati wengine walipima, yeye alijiuliza juu ya nini gazi linasukuma. John James Waterston, Mskochi, alikuwa Bombay akifundisha vijana wa jeshi la maji la Kampuni ya India Mashariki. Mwaka 1845 alituma andiko kwa Royal Society ya London. Ndani alieleza kwamba presiyo ni chembe zinazogonga ukuta, na joto ni mwendo wa chembe hizo. Msomaji mmoja aliyepewa kazi ya kulikagua alilitupa vibaya sana. Kwa kanuni ya chama, andiko halikurudishwa, lilibaki kabatini. Clausius mwaka 1857 na Maxwell mwaka 1860 waliijenga upya njia hiyo, na sifa zikaenda kwao. Waterston alikufa mwaka 1883. Lord Rayleigh alipokuta lile andiko kabatini, alilichapisha mwaka 1892 na kuonya kwamba dharau hiyo iliichelewesha elimu miaka mingi.

Nawaandikia hili nyinyi wahitimu kwa makusudi. Wengi wetu tuko mbali na maktaba kubwa na laboratwari kubwa. Umbali haukumzuia Waterston kuona sawa. Ulimzuia kusikilizwa.

5. Gazi kamilifu halipo

Mlinganyo wetu unasema juu ya gazi kamilifu: chembe zisizo na ukubwa, zisizovutana. Gazi la namna hiyo halipo duniani. Mwaka 1869 Thomas Andrews alionyesha kwamba gazi kaboniki, chini ya digrii 31, ukilibana vya kutosha linakuwa maji maji, jambo ambalo PV = nRT haliwezi kulisema. Mwaka 1873 Johannes van der Waals, mwalimu aliyejisomea kwa taabu mu Uholanzi, alirekebisha mlinganyo kwa kuhesabu ukubwa wa chembe na mvutano wao. Mwaka 1910 alipata Nobel. Kwa hewa ya kawaida, presiyo ya kawaida, mlinganyo wa zamani unatosha kabisa. Penye presiyo kubwa ama baridi kali, uangalie.

6. Sasa tushuke ziwani

Binti mmoja wa mwaka wa sita aliniuliza siku moja darasani: "Prof, hizi lita 22,4 ni za wapi? Ni za hapa kwetu ama ni za kwao Bazungu?" Wenzake walicheka. Mimi nilimwambia akuje ku ubao.

Tulifanya hesabu pamoja. Lita 22,4 ni za digrii 0 na atmosfera 1. Pembeni ya Ziwa Kivu ni digrii 25 na atmosfera 0,84. Basi V = nRT / P: 1 × 0,0821 × 298, gawanya kwa 0,84. Jibu: lita 29 na kidogo. Moli ya kwetu ni kubwa kuliko ya kitabu karibu kwa theluthi moja. Hakuna mwanafunzi wa darasa lile aliyesahau tena kwamba 22,4 ina masharti.

Sasa muangalie namba ambazo kila mtu anazitaja. Wanasema Ziwa Kivu limeficha kilomita za ujazo 300 za gazi kaboniki na 60 za metani. Mtu anauliza: ziwa lote lina maji ya kilomita za ujazo kama 550 hivi, gazi lote hilo linakaa wapi? Jibu ni kwamba ujazo wa gazi bila presiyo na joto ni maneno matupu. Zile 300 na 60 zimehesabiwa kama gazi lingetolewa na kuwekwa ku digrii 0 na atmosfera 1. Chini kule gazi si mapovu. Limeyeyuka ndani ya maji, na kwa kitu kilichoyeyuka sheria si PV = nRT, ni sheria ya William Henry wa mwaka 1803: presiyo ikizidi, maji yanabeba gazi zaidi. Ziwa lina kina cha mita 485, na kila mita 10 inaongeza karibu atmosfera moja. Fikiri chupa ya soda yenye kifuniko cha maji.

PV = nRT inaingia pale kifuniko kinapofunguka. Lita moja ya maji ya chini kabisa inabeba karibu moli 0,1 za gazi kaboniki na moli 0,02 za metani. Jumla 0,12. Ukiipandisha juu na gazi lote likatoka, zidisha kwa lita 29: ni lita tatu na nusu za gazi kutoka lita moja ya maji. Mapovu hayo yanafanya maji kuwa mepesi, maji yanapanda yenyewe, presiyo inashuka, mapovu yanazidi. Ni mnyororo. Ziwa Nyos mu Kameruni lilifanya hivyo tarehe 21 Agosti 1986, na watu karibu 1700 walikufa usiku mmoja. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana, na pembeni yake kunaishi mamilioni ya watu.

Sitaki kutia watu hofu bure. Vipimo vinaonyesha gazi la Kivu bado liko chini ya kiwango ambacho maji ya kule hayawezi kubeba tena. Mwezi wa Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia ziwani, na watafiti waliopima baadaye walikuta tabaka za chini hazikutikisika. Lakini mwezi wa Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na sehemu kubwa ya Goma kuamriwa kuondoka, kila mtu aliuliza juu ya ziwa. Anayejua herufi hizi anaweza kuuliza swali lenye maana: gazi ni kiasi gani, kwa kina gani, presiyo yake ni ngapi ukilinganisha na presiyo ya maji? Asiyejua anabaki na sauti za watsapu.

Na mnyororo ule ule unaweza kufanya kazi ya heri. Toka mwisho wa mwaka 2015, upande wa Rwanda, pale Karongi, mtambo wa KivuWatt unavuta maji ya chini kwa bomba. Yakipanda presiyo inashuka, gazi linatoka, metani inachujwa na kuchomwa kutoa umeme wa megawati 26 hivi. Hesabuni utajiri wenyewe: kilomita za ujazo 60 ni lita 6 × 10¹³. Hapa 22,4 ni halali, kwa sababu masharti yake yametimia. Gawanya: moli 2,7 × 10¹². Zidisha kwa gramu 16: tani milioni 43 za metani. Na sisi bado tunakata miti kwa makala.

Neno la mwisho la ziwa ni mazuku. Watafiti wa dunia nzima wanaliandika vile vile, kwa Kiswahili, katika majarida yao. Ni gazi kaboniki linalotoka ardhini na kukaa mu mabonde madogo, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake. Juu ya nini linakaa chini? Geuzeni mlinganyo: uzito wa lita moja ni P × M / RT. Kwa hewa yenye M ya 29, hapa kwetu unapata gramu 1,0. Kwa gazi kaboniki lenye M ya 44, unapata gramu 1,5. Ndiyo sababu mbuzi anaanguka kabla ya mchungaji, na mutoto kabla ya mama. Ndiyo sababu asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, ni saa mbaya. Mzee wa kijiji anayekataza watoto kushuka bondeni alfajiri anaijua PV = nRT bila herufi.

7. Kwa wenzangu walimu, na kwa wazazi wenye finalisti nyumbani

Mbele mutoto hajagusa kalkuleta, aulizwe maswali manne. Moja, ni gazi kweli, ama limeyeyuka ama limekuwa maji maji? Mbili, joto liko katika Kelvin? Tatu, presiyo ni kamili, na ya mahali gani? Nne, n ni moli ama bado ni gramu? Kisha achague R inayovaa vipimo vyake. Van der Waals, Amontons, Torricelli na Avogadro watakuwa wamepita mbele yake, hata kama hajui majina yao.

Na swali la jioni ya leo, kwa familia nzima. Chupa ya gazi ya kupikia ina kilo 12, tuchukue ni butani tupu, M yake 58. Valvu inavuja usiku kucha mu nyumba iliyofungwa, pembeni ya ziwa, digrii 25. Ni lita ngapi za gazi zitatoka? Mwenye haraka atatafuta ujazo wa chupa. Asifanye hivyo, kwa sababu ndani ya chupa butani ni maji maji. Atafute moli: 12 000 gawanya kwa 58 ni 207. Zidisha kwa 29. Ni lita 6000, mita za ujazo sita, ya gazi lenye uzito mara mbili ya hewa, linalolala sakafuni pale tunapotandika mikeka.

Mufunge valvu vizuri kabla ya kulala, na dirisha moja libaki wazi.